Usiifute hiyo sufuri

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza kama sufuri ya Singapore kwenye jedwali la nchi na methani (gesi inayoongeza joto duniani) itokanayo na moto wa savana ni kosa, na kama uifute kwenye kazi yako ya chuo. Iache. Singapore ni kisiwa cha kilomita za mraba 700 na ushei, majengo na msitu wa mvua. Savana itoke wapi? Ule moshi uliowasumbua watu wa Singapore mwaka 2015 ulitoka Indonesia, sana sana kwenye ardhi ya mboji (peat, udongo wa mimea iliyooza nusu), na gesi huandikwa kwa nchi palipoungua, si palipofika moshi.

Ila angalia: sufuri na kisanduku kitupu si kitu kimoja. Kitupu maana yake hakuna takwimu. Ukivichanganya, wastani wako utaharibika.

Hesabu yenyewe unaweza kuielewa ukiwa hapo hapo. Huku Arusha, nyasi za Monduli zikishika moto Oktoba zimekauka kabisa, moto unapita mbio na moshi si mwingi. Choma nyasi mbichi uone: zinafukiza tu, na kufukiza huko ndiko kunakozaa methani zaidi. Kwa wastani wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kila tani ya nyasi kavu inayoungua hutoa kilo 2.3 za methani. Kwa kuwa kilo moja ya methani hupasha joto kama kilo 28 za kaboni dioksaidi kwa miaka mia, zidisha kwa 28 upate joto sawa na la kama kilo 64 za kaboni dioksaidi.

Mimi ningeiondoa Singapore kwenye mchoro, nikaiacha kwenye jedwali.