Kabla hamjaiita seli ILC

Kila kundi jipya linapoingia maabara huniletea mchoro uleule wa saitometa, mashine ya kuhesabu seli zilizotiwa rangi: geti nono (eneo la seli zilizochaguliwa kwenye mchoro) la ILC1, kundi mojawapo la ILC, yaani seli za limfoidi za kinga ya asili, zinazotoa interferoni gama (protini ya kuamsha kinga) kwa wingi, na mwenye mchoro anasubiri pongezi. Wadogo zangu, kazi yenu naithamini, ndiyo maana nayaandika haya kabla mchoro mwingine haujafika mezani.

1. Seli hizi tunazitambua kwa kile zisichokuwa nacho. Zinatokana na seli tangulizi ya limfoidi, kwenye ini la kijusi na baadaye kwenye uboho, na kwa kuwa haziunganishi upya vipande vya jeni kama zifanyavyo seli T na B, hazina kipokezi cha antijeni (molekuli mahususi inayotambuliwa na kinga). Basi kila seli ambayo kingamwili zenu za kutia rangi zimeshindwa kuikamata huangukia kwenye geti hilo, na seli T ndizo zinazoongoza. Mkizichochea kwa PMA na ionomaisini (kemikali za kuamsha seli), huivuta CD3, protini inayozitambulisha seli T, kutoka juu ya utando na kuiingiza ndani, zikaonekana kana kwamba hazijawahi kuwa nayo, ilhali interferoni zinaitoa vilevile. Katika damu ILC hazifiki hata asilimia 1 ya limfositi, kwa hiyo seli T chache zilizopenya zinatosha kuyapotosha matokeo yote. Itieni CD3 rangi juu ya utando na, mkishautoboa, ndani pia. Nimeliona geti lililosifiwa asubuhi likibakiwa jioni na vitone vya kuhesabika.

2. Rangi ya kutambua seli mfu isikosekane kamwe.

3. ILC3, kundi jingine la ILC, ikikutana na IL-12 (protini ya mawasiliano ya kinga) huweza kupoteza RORγt, protini inayoongoza jeni zake, na kugeuka ILC1, hivyo pimeni T-bet, inayoongoza jeni za ILC1, na RORγt kwa pamoja.

4. Wengi hukimbilia panya wasio na RAG (jeni za kuunganisha upya vipande vya jeni za vipokezi), kwa kuwa hawana seli T wala B za kuwachanganya. Njia hiyo ni halali, lakini seli T zikikosekana utumboni, ILC3 hutoa IL-22, protini nyingine ya mawasiliano, kupita kawaida, na kazi mnayoiona hapo huenda kwa panya kamili hubebwa na seli T. Kwa binadamu swali hili ni zito zaidi. Mwaka 2016 iliripotiwa kuwa wagonjwa wenye hitilafu ya jeni IL2RG au JAK3 (jeni zinazohitajika kukuza seli za kinga), waliopandikizwa seli shina wakapata seli T lakini wasipate ILC, waliishi miaka mingi bila udhaifu wa wazi dhidi ya magonjwa. Isomeni taarifa hiyo kabla hamjaandika kwamba ILC ni za lazima, kisha mje na jaribio litakaloonyesha kazi ambayo seli T haziwezi kuifidia.