Kama mapacha wana jeni zile zile, kosa la kukloni binadamu liko wapi?

Swali: Mapacha wa kufanana ni kloni wa asili, yaani watu wenye jeni zile zile, na hakuna anayewalalamikia. Kwa nini basi kukloni binadamu kunapingwa? Na kukloni kwa ajili ya tiba nako ni kosa?

Jibu: Hoja yako inaangusha pingamizi moja linalorudiwa mno, kwamba kloni angekuwa mtu asiye na nafsi yake. Angekuwa nayo kama pacha yeyote, na huenda asingefanana kabisa na aliyekloniwa, hata kwa sura. Paka wa kwanza wa kukloni, aliyezaliwa Texas mwaka 2001, alitokana na seli ya paka mwenye rangi tatu, lakini yeye hakuwa na ile ya chungwa.

Tatizo liko kwenye njia yenyewe. Mtaalamu hulishikilia yai kwa bomba jembamba la kioo, akafyonza kiini chake kwa sindano, akaingiza seli ya mtu mwingine, kisha akapitisha umeme ili viungane. Mengi hufia hapo. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996, alitokana na majaribio 277 ya aina hiyo: vikapatikana viinitete 29, yaani mimba changa mno, vya kupandikiza tumboni, akazaliwa yeye peke yake. Kwa kima wawili wa Shanghai waliotangazwa mwaka 2018, viinitete 79 vilipandikizwa katika majike 21. Sasa waweke wanawake mahali pa majike hao. Mimba zitakazotoka, na watoto watakaozaliwa na kasoro, nani atazijibia? Mimi kama mtaalamu wa jeni sioni daktari anayeweza kutia saini hapo.

Hata usalama ukipatikana, bado kuna mtoto mwenyewe. Mzazi aliyefiwa akimkloni marehemu, atakayezaliwa ni mtu mwingine, naye atalinganishwa na marehemu tangu siku ya kwanza. Wapo wanaosema wazazi wote huwapangia watoto wao maisha. Ni kweli, ila si wote wanaowapangia maisha ambayo mwingine alikwisha kuyaishi.

Tiba ni jambo jingine. Huko kiinitete hakipandikizwi. Baada ya siku tano au sita huvunjwa ili kutoa seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Anayeamini uhai wa mtu huanza yai linapoanza kugawanyika ataita hilo mauaji, na sina kipimo cha maabara cha kumjibu. Linalonisumbua zaidi ni mayai: wanawake huchomwa homoni ili yapatikane. Katika kashfa ya Hwang Woo-suk, mtafiti wa kukloni wa Korea Kusini, mbali na matokeo ya kughushi, ilibainika kuwa baadhi ya mayai yalitoka kwa watafiti wa ngazi ya chini katika maabara yake.

Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2005 la kupinga kukloni binadamu lilipita kwa kura 84 dhidi ya 34, nchi 37 zikajizuia, wala halimfungi mtu kisheria. Uingereza huruhusu utafiti kwa leseni lakini inakataza kupandikiza. Na tangu mwanasayansi wa Japani Shinya Yamanaka aonyeshe mwaka 2006 kwamba seli za kawaida za panya zinaweza kurudishwa kuwa kama seli shina, bila yai wala kiinitete, maabara nyingi zimehamia huko.