Unakimbia takwimu unaenda uhasibu?

Mwanangu,

Swali lako nimekaa nalo toka juzi, nilikua nasubiri mbalamwezi maana siku zake wavuvi hawaingii ziwani, taa haziwavuti dagaa, ndo nimepata nafasi. Unauliza uache sosholojia mwaka huu wa kwanza uhamie uhasibu, takwimu imekushinda na binamu zako wanakucheka ukimaliza utakua nani.

Sasa unakimbia takwimu unaenda uhasibu? Huko si ndo namba tupu jamani.

Unavikumbuka vile vichanja vya waya hapa mwaloni Kibirizi? Mradi ulitujengea tuache kuanika mchangani, na kweli dagaa wa kichanjani bei yake nzuri, lakini wengi tukarudi chini. Wakatuitia semina eti hatuna elimu. Akaja binti wa chuo kama wewe, kashinda na sisi siku tatu anageuza dagaa mikono inanuka kama yetu, alafu akauliza tu, mvua ikishtukiza nani anaanua dagaa wa nani? Hapo midomo ikafunguka. Vichanja vya kikundi lakini wanaanza ndugu wa mwenyekiti, mimi na ndoo zangu mbili nikifika vimejaa. Akawa kila asubuhi anaandika kwenye daftari nani kaanika wapi, akahesabu, akamwekea mwenyekiti karatasi mbele. Sisi tulinung'unika miezi, ile karatasi hakua na la kuijibu. Hiyo ndo takwimu mwanangu.

Notsi zako ulizoacha nimezisoma (usikasirike). Yule mwanasosholojia Mfaransa, Durkheim, mwaka 1897, kachukua kujiua, jambo unaloona ni la mtu na moyo wake, kapanga hesabu akaonyesha kunafuata ndoa na dini, Waprotestanti kuwazidi Wakatoliki. Asingehesabu angejuaje?

Ya kazi sikudanganyi, nafasi za afisa maendeleo ya jamii zipo ila mnazigombania wengi, na anayejua kukusanya data na kuichambua kwenye kompyuta anamzidi mwenye nadharia tupu. Shangazi yako anayesema unasomea ustawi wa jamii mwache, ustawi ni kumsaidia mwenye shida, wewe unauliza shida inatengenezwaje.

Kesho napakia dagaa kwenye basi, mgawie yule mwenzako anayeijua takwimu akae na wewe jioni. Ni wa kichanjani, hawana mchanga.

Mama yako