Homa ya mtoto: dawa ya kunywa au ya kuweka njia ya haja kubwa?

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili na uzito wa kilo 12. Kila akipata homa hutapika dawa ya maji, kwa hiyo duka la dawa limenipa parasetamo ya kuweka njia ya haja kubwa. Mama mkwe anasema hiyo ni kali mno, afadhali achomwe sindano. Nifuate lipi?
Mama, Kongwa

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Ya kunywa na ya kuweka njia ya haja kubwa zote ni parasetamo ile ile, na hakuna iliyo kali kuliko nyingine iwapo kipimo kimefuata uzito, yaani miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mwanao anahitaji miligramu 120 hadi 180 kwa mara moja. Soma kibandiko cha chupa kwanza, kwa kuwa ziko zenye miligramu 120 katika mililita 5 na ziko zenye 250, na hapo ndipo wazazi wengi huzidisha bila kujua. Vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia bomba la plastiki lisilo na sindano, mtoto akiwa amekaa wima, umimine kidogo kidogo upande wa ndani wa shavu. Wengi wanaotapika wamelazwa chali na kubanwa pua, jambo ambalo ni la hatari.

Asipotapika, ya kunywa ndiyo bora, kwani ile nyingine hufyonzwa polepole na kwa kiwango kisichotabirika, na akiharisha huweza kutoka nayo. Akitapika, tumia ya kuweka njia ya haja kubwa yenye miligramu 125, bila kuikata vipande, na usimpe zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba hulainika upesi. Itumbukize kwenye maji baridi ikiwa bado ndani ya karatasi yake.

Sindano ya kushusha homa haina nafasi kwa mtoto anayeweza kutumia njia hizo, na aspirini asipewe kabisa.

Homa kushuka hakuondoi malaria, hivyo mpeleke kituoni akapimwe. Na akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea, mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.