Keria Kwanza, Begi Baadaye: Kwa Wenye Pikipiki ya Kwanza

Wadogo zangu mliopata pikipiki ya kwanza, hongereni. Iwe umekabidhiwa na shirika ili uzungukie makambi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Bidibidi huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, iwe umejinunulia Boxer kwa mkopo ili ufikishe bidhaa zako masoko ya Koboko na Nebbi, swali linalofuata baada ya mafuta ni moja: vitu nitavibeba wapi? Muuza spea atakuonyesha boksi jeusi linalong'aa, lenye funguo mbili na kioo chekundu nyuma. Usilinunue bado. Pesa ya kwanza iweke kwenye keria, na chenji inunue mipira ya kufungia mzigo na turubai. Begi au boksi litakuja baadaye, ukishaujua mzigo wako.

Nasema hivi kwa sababu mzigo wa kila mtu ni tofauti, na hakuna anayeujua wake kabla ya kuanza kazi. Afisa ugani hubeba mbegu, bomba la kupulizia dawa na fomu. Mwalimu hubeba madaftari ya kusahihisha, ambayo ni mazito kuliko yanavyoonekana. Mhudumu wa afya hubeba kibebeo cha chanjo, na chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo chombo chenyewe ndicho kinachoamua nafasi. Fundi wa simu anayezunguka masoko ana vitu vidogo vidogo vya thamani ambavyo havitaki vumbi. Watu hawa wote wakiuziwa boksi la aina moja, wengi wao watakuja kulifungua na kuliweka uvunguni. Keria nzuri huwafaa wote.

Pikipiki nyingi za hapa Uganda huja na kikeria kidogo nyuma ya kiti. Kinatosha jerikeni ndogo au mkungu mmoja wa matoke, kisha basi. Aliyekabidhiwa Yamaha AG100 ana bahati: ile ilitengenezwa kwa kazi za shamba, ina keria mbele na nyuma kutoka kiwandani, na cheni yake imefunikwa isile vumbi. Sisi wengine huenda kwa fundi wa kuchomelea, awe wa hapa Arua au wa Katwe kule Kampala.

Fundi atakuuliza, au asikuulize kabisa, kama aichomelee keria moja kwa moja kwenye fremu. Kataa. Moto wa kuchomelea hudhoofisha bomba la fremu kando ya mshono, na ukishaingia barabara ya murram yenye matuta, ufa huanzia hapo hapo. Tena keria iliyochomelewa haitoki siku ikipinda. Mwambie atengeneze masikio ya chuma bapa yenye matundu, yafungwe kwa bolti, na kila bolti iwe na washa na nati yenye nailoni ndani, maana nati ya kawaida hulegea kwa mtikisiko. Kama ni lazima achomelee kitu kikiwa juu ya pikipiki, atenganishe waya za betri kwanza. Umeme wa mashine yake unaweza kuua rektifaya na CDI, vifaa vya kuchaji betri na kuwasha plagi, na hapo utalipa mara mbili.

Angalia miguu ya keria inaishia wapi. Keria iliyoning'inia kwenye bolti mbili za mkiani ni mapambo. Inayobeba kazi ina miguu inayoshuka hadi kwenye bolti za juu za shokabsoba, au karibu na sehemu ya kukanyagia abiria, ambako fremu yenyewe ina nguvu. Ukishafungiwa, shika ncha yake ya nyuma kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza yenyewe kabla pikipiki haijayumba, bado haijaisha, mrudishie fundi. Hakikisha pia kwamba haifuniki taa ya nyuma, indiketa wala namba, na kwamba mtu mzito akikaa nyuma, tairi halifiki kugusa chuma chochote.

Rangi nayo ina maana yake. Wengi hupaka nyeusi kwa sababu haionyeshi uchafu. Mimi nashauri nyeupe au ya fedha, kwa sababu kwenye rangi nyepesi ufa unaoanza unajitangaza: utaona kimstari chembamba cha kutu kando ya mshono, chembamba kama unywele, wiki kadhaa kabla chuma hakijakatika. Kwenye rangi nyeusi utauona siku gunia likiwa chini. Kaza bolti zote tena baada ya siku chache za mwanzo, kisha kila unapobadilisha oili.

Sasa uzito. Fungua kijitabu cha pikipiki yako utafute uzito unaoruhusiwa. Kwa hizi za cc 100 hadi 150, ni karibu na uzito wa watu wawili, na wewe mwenyewe ni mmoja wao. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 kabla hujahesabu plastiki yake. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Najua mnawaona waendesha boda wakibeba mifuko mitatu. Waulize pia wanabadilisha spoki na bearingi za gurudumu la nyuma kila baada ya muda gani.

Mahali ulipouweka mzigo pana uzito kuliko kilo zenyewe. Kitu kilichokaa nyuma ya ekseli ya nyuma huinua gurudumu la mbele. Usukani unakuwa mwepesi, pikipiki inaanza kutikisa kichwa ukiwa kasi, na kwenye mlima wenye changarawe breki ya mbele haina cha kushika. Kwa hiyo kizito kikae chini na kije mbele, kigusane na mgongo wako ikiwezekana, na vyepesi kama nguo na godoro viende nyuma na juu. Upana usizidi upana wa usukani. Ukifuata kanuni hiyo moja, popote usukani unapopita, iwe kati ya magari Kampala au kwenye daraja la magogo huku kwetu, mzigo nao unapita.

Kabla ya kuondoka na mzigo, tazama chini ya springi za shokabsoba. Kwenye nyingi utaona pete yenye ngazi. Kuizungusha kwenda ngazi ya juu hukaza springi, na sehemu ya nyuma haitadidimia. Ongeza na upepo wa tairi la nyuma kama kibandiko cha pikipiki yako kinavyoelekeza kwa mwenye abiria. Mara nyingi ni psi 4 hivi juu ya ule wa mtu mmoja. Ukishusha mzigo, rudisha vyote viwili, la sivyo njia ya kurudi itakuvunja kiuno.

Kwa kufungia, hakuna kitu kilichoishinda mipira ile inayokatwa kutoka tyubu kuukuu za magari. Haikati gunia, inavutika mzigo unapojipanga njiani, na sokoni haikosekani. Kamba ya manila haivutiki, kwa hiyo mzigo ukisinyaa kidogo tu, kamba imelegea. Anza kwa fundo upande mmoja wa keria, pita juu kwa mkato wa msalaba, vuta mpaka mpira unakonda, rudia, na ncha ya mwisho uichomeke chini ya mikato iliyotangulia. Ncha hiyo ndiyo ya kuogopa. Ikining'inia, itaingia kwenye cheni au spoki, na gurudumu la nyuma litakwama ghafla. Ile mipira ya dukani yenye ndoano za chuma sipendi kuiona mikononi mwa anayeanza: ndoano ikichomoka wakati unavuta, inarudi usoni. Ukiitumia, geuza uso pembeni na usiwahi kuvuta kuelekea kwako.

Mifuko ya pembeni ndiyo inayoleta uzito chini, na kwa mzigo wa kila siku naipenda kuliko boksi. Ya dukani ni ghali, lakini jerikeni mbili za njano za lita 20, zile za mafuta ya kula, zinafanya kazi hiyo vizuri. Ilaze jerikeni kwa ubavu wake mwembamba, kata ubavu wa juu pande tatu kwa kisu kilichopashwa moto, na upande wa nne uuache uwe bawaba ya mfuniko. Funga mfuniko kwa mpira. Toboa matundu ya bolti kwenye ubavu unaogusa keria, na ndani uweke kipande cha bati au washa pana, kwa sababu bolti peke yake itaipasua plastiki. Toboa na kitundu chini maji yatoke. Pima nafasi ya ekzosti kabla ya kufunga chochote: kwenye hizi pikipiki zetu ipo kulia, na plastiki, gunia la sandarusi au nguo ikilala juu yake itayeyuka au kushika moto bila wewe kujua. Acha nafasi ya kiganja kizima, au weka kinga ya bati. Kushoto kuna cheni na stendi ya pembeni. Pikipiki iliyopakiwa sana usiiegemeze kwenye stendi ya pembeni juu ya udongo laini. Tafuta jiwe bapa la kuweka chini yake, au tumia stendi ya katikati.

Mvua na vumbi. Huku kaskazini mvua hunyesha kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba au Novemba, mara nyingi mchana, na haikupi muda wa kusimama na kufungua vitu. Usitegemee vazi la mvua la juu ya begi, upepo hulivua. Kinga iwe ndani: mfuko mzito wa plastiki ndani ya begi, mdomo wake ukunjwe mara tatu ufungwe. Magunia mengi ya sukari yana mfuko kama huo ndani, uoshe uutumie. Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, vumbi jekundu hupita kwenye kila zipu, na mfuko huo huo ndio unaookoa fomu na simu. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wake ni bora zaidi kwa vitu vidogo, ukiifunga kwa mipira minne.

Boksi la nyuma lina kazi yake, sikatai: linafungwa kwa ufunguo na kofia inalala humo. Lakini soma kikomo cha uzito kilichoandikwa ndani. Kwa kawaida ni kilo chache tu, kwa sababu lipo juu na nyuma, mahali pabaya kuliko pote. Vitabu, spana na betri visiingie humo. Msingi wake upite bolti hadi kwenye keria, usiridhike na klipu.

Begi la mgongoni ni la safari fupi. Saa moja baadaye mabega yanawaka, na ukianguka, kitu kigumu kilichomo ndicho utakachokiangukia kwa uti wa mgongo. Kompyuta ya kazi ilaze juu ya kiti nyuma yako, kati ya blanketi au sponji, kwa sababu kiti hutikisika kidogo kuliko keria. Kwenye usukani usining'inize kitu, hata mfuko wa nyanya. Hubembea na kuvuta usukani, na hubana waya wa klachi na wa breki.

Spana, plagi, tyubu ya akiba, viraka na pampu vipate mfuko wao mdogo usiobadilika mahali. Nyuma ya kava la ubavuni huwa kuna kijinafasi. Kama hakitoshi, mfuko wa turubai uliobanwa chini kwenye keria unatosha. Visiwekwe chini kabisa ya gunia, kwa sababu pancha haingoji ushushe mzigo.

Mitumba ya soko la Owino kule Kampala ina mabegi mazuri sana, mengine ya turubai nzito yatakayodumu miaka. Chagua, ila kaa mbali na lolote lenye mabaka ya jeshi. Hapa Uganda raia kukutwa na mali inayofanana na ya jeshi ni kosa, Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, inasema hivyo, na kwenye kizuizi cha barabarani hakuna atakayetaka kusikia kwamba uliliona bei nafuu.

Anayekwenda Kampala kwa barabara ya Pakwach, chakula kiwe ndani kabisa, kimefungwa. Nyani wa Karuma wanaijua mifuko iliyolegea, na hawaogopi pikipiki iliyosimama.

Usiku, kinachotoka kwa urahisi kiingie chumbani nawe, kwa hiyo funga begi lako kwa namna ya kulifungua kwa mkono bila spana. Pamiti (leseni ya udereva), kadi ya pikipiki na karatasi ya bima visikae kwenye begi lolote. Viweke mwilini, ndani ya kaveera nzito ya plastiki, kwenye mfuko wa kifua wenye kifungo. Nakala zake zikae na spana.