Kitanda cha mtoto: beba futi kabla ya kubeba pesa

Mama kijacho ameuliza: achukue kitanda anachopewa na ndugu yake, cha ubavu unaoteremka, kimeshalea watoto watatu na bolti mbili hazipo, au ampe seremala kazi ya kutengeneza kipya? Godoro bado hajanunua.

Hicho cha kupewa, shukuru halafu ukiache. Bolti si hoja kubwa, zinanunulika. Tatizo ni ule ubavu. Hushuka na kupanda kwenye reli kwa vishikizo ambavyo mara nyingi ni vya plastiki, na plastiki hulika na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda. Kishikizo cha chini kikiachia upande mmoja, ubavu hutoka kidogo tu kwenye kona, ukabaki mwanya. Mtoto akijiviringisha anateleza humo, kiwiliwili kinashuka, shingo inabanwa. Ukitazama kwa mbali kitanda kinaonekana kimefungwa vizuri kabisa. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku kuuza vitanda vya aina hiyo kuanzia Juni 2011. Wapo wanaokipigilia misumari ili kisishuke. Msumari hulegea, na ubavu wenyewe haukuundwa kubeba uzito bila reli zake.

Sasa cha seremala. Anza na godoro, usianze na kitanda. Wengi hutengeneza kitanda kwanza, halafu wanazunguka kutafuta godoro la kutosha, wanaishia na pengo ubavuni ambalo wanalijaza nguo zilizokunjwa. Nunua godoro gumu, lipime kwa futi wewe mwenyewe (lililoandikwa sm 120 laweza kuwa 118), kisha mwambie fundi nafasi ya ndani izidi godoro kwa sm 1 tu, urefu na upana. Siku ya kupokea, lisukume godoro lote kwenye kona moja: upande wa pili visipite vidole viwili. Ugumu nao unapimika. Likandamize kwa kiganja kisha uachie. Alama ya mkono ikibaki, au ikichelewa kurudi, hilo ni laini mno kwa mtoto mchanga.

Mwanya kati ya ufito na ufito ndio unaoharibiwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Marekani inataka usizidi sm 6. Viwango vya Ulaya vinataka uwe kati ya sm 4.5 na 6.5, ukiwa mwembamba zaidi, mkono au mguu unaingia na kunasa. Mwambie fundi sm 5 hivi, utakuwa umetimiza kote. Hatari ya mwanya mpana ni hii: nyonga za mtoto ni nyembamba kuliko kichwa, kwa hiyo anatangulia miguu, mwili unapita, kichwa kinabaki ndani.

Hesabu yenyewe: ubavu wa sm 121 kwa ndani, fito za unene wa sm 2, zinatakiwa fito 16, mwanya unatoka kama sm 5.2. Fundi akibana mbao akaweka 12, mwanya unafika karibu sm 7.5. Kwa macho huoni tofauti, kitanda kinapendeza vilevile. Tena mafundi wengi hupima kati kwa kati ya fito. Ukisema "tano" bila kufafanua, hamtaelewana. Sema wazi: tano ya uwazi, ukingo kwa ukingo. Kisha shika fito mbili uzitanue kwa nguvu za mikono. Zikipinda hadi futi isome zaidi ya 6, mbao ni nyembamba au ulimi wa kuunganishia haukuingia vizuri kwenye tundu lake.

Kimo: kutoka kwenye chaga hadi ukingo wa juu iwe sm 60 au zaidi chaga zikiwa chini kabisa, na ukishaweka godoro zibaki angalau sm 50. Ndiyo maana godoro nene si zawadi. La sm 10 linatosha.

Nguzo za kona ziwe sawa na ukingo. Yale mapambo ya vichwa vinavyochomoza juu, waachie vitanda vya wakubwa. Nguo ya mtoto hunasa pale. Vivyo hivyo michoro iliyotobolewa kichwani mwa kitanda.

Maungio yawe ya bolti na nati, si skrubu za mbao peke yake. Skrubu iliyoingia kwenye ncha ya ubao haishiki sana, na kila mtoto anapotikisa kitanda tundu linapanuka. Kaza tena baada ya wiki ya kwanza, kisha kila mwezi.

Rangi: omba isiyo na risasi (ile metali yenye sumu), kwa sababu meno yakianza kuota ukingo wa juu utatafunwa. Kitanda cha zamani chenye rangi usiyoijua usikipige msasa nyumbani, vumbi lake ni baya kuliko rangi yenyewe. Magurudumu sawa, mradi yana breki.

Ndani ya kitanda: godoro, shuka iliyobana, mtoto kalala chali. Basi. Mito, blanketi nzito na ile mito ya kuzungushia kando vibaki dukani; Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku hiyo ya kandokando mwaka 2022. Chandarua kikihitajika kivutwe kikaze kwa nje, kisining'inie mahali mkono wake utafika. Kamba za mapazia nazo ziwe mbali.

Mwombe fundi aweke ngazi mbili au tatu za chaga. Ya juu ni ya miezi ya mwanzo, inakuokoa mgongo. Dalili za kukaa zikianza, shusha. Akianza kujivuta asimame, iwe tayari iko chini kabisa, usisubiri aanguke ndipo utafute spana. Akifika kimo cha sm 90 hivi, au ukingo ukimfika kifuani akisimama, mhamishie kitanda kingine.