Kilomita 150 kwa dakika 50: ndege inachelewa wapi?

SWALI: Nimepima kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa mji wetu hadi ule wa mji jirani, nikapata kilomita 150. Jeti huenda kilomita 800 kwa saa, basi nikatarajia dakika 11. Tiketi inasema 50. Nani kakosea hesabu?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, ila dakika za kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka maegeshoni na hukoma inapoegeshwa kule iendako. Ndege kutembea ardhini hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, kisha kutembea tena baada ya kutua hula dakika 10 hadi 20.

Halafu hiyo 800 ni kasi ya huko juu, futi 30,000 na kuendelea, na safari fupi hivi haifiki huko. Marubani huhesabu kwamba kushuka futi 1,000 kunataka maili 3 za baharini, yaani kilomita 5.5 hivi. Ndege iliyopanda hadi futi 14,000 tu itahitaji kilomita 78 za kushukia: zaidi ya nusu ya safari yako. Kupanda nako kuna kilomita zake 40 au 50, kwa hiyo mwendo wa mlalo haudumu ila dakika chache. Tena chini ya futi 10,000, sehemu nyingi duniani haziruhusu kuzidi kilomita 463 kwa saa, na jeti ikigusa lami huwa kwenye 250 hivi.

Kuna upepo pia. Ndege hupaa na kutua ikiuelekea, hata kama mji uendako uko nyuma yako. Mzunguko huo waweza kuongeza kilomita 30. Juu ya yote, mashirika hutia dakika za akiba kwenye ratiba. Ndiyo maana safari fupi "huwahi" mara kwa mara, na rubani akapigiwa makofi ya bure.

SWALI: Nipimeje umbali huo bila programu?

JIBU: Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, si za katikati ya miji. Zidisha tofauti ya latitudo kwa 111. Tofauti ya longitudo izidishe kwa 111, kisha kwa kosaini ya latitudo ya eneo hilo. Pata kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya majibu hayo mawili. Mfano, kwenye latitudo 6, tofauti za nyuzi 0.9 na 1.0 hutoa kilomita 100 na 110; jibu ni 149. Wengi huharibu kwenye dakika za nyuzi (nyuzi moja ina dakika 60): 6°52′ si 6.52 bali ni 6.87, na kosa hilo peke yake ni kilomita 39.

SWALI: Basi nipande gari?

JIBU: Kwa kilomita 150 za lami nzuri, ndiyo. Ukijumlisha kufika uwanjani mapema na kungoja mizigo, dakika 50 zinakuwa saa tatu. Ndege hushinda palipo na maji au milima katikati, na hata hapo kuna kikomo. Viwanja vya Brazzaville na Kinshasa vimetenganishwa na mto Kongo kwa kilomita 26 hivi, ilhali jeti hujipanga kutua kilomita 15 hadi 20 kabla ya njia. Hapo kivuko kina nafasi yake.